Gome Lisilo na Jina

Wambui, mama yangu,

Naandika nikiwa hapa barazani. Wewe uko chumbani na mama yako, mnabishana kuhusu blanketi. Yeye anataka kesho uhamie kwa mumeo nazo zote kwa sababu Kaptagat kuna baridi kuliko hapa mtaani Pioneer. Wewe unasema Kiprop ana blanketi zake. Kabla ya blanketi ilikuwa sufuria, na kabla ya sufuria ilikuwa namna ya kuwasha jiko la kuni bila kujaza nyumba moshi. Mambo hayo yana mwenyewe, nami siyaingilii. Mimi nimebakiwa na jambo moja, lile uliloniuliza Jumapili tulipokuwa tunatoka kanisani, mama yako akiwa ametangulia na wenzake.

Ulisema, "Baba, ile chai niliyokunywa mwaka jana. Ni mimi niliharibu mimba?"

Nikakujibu kwamba tutazungumza, kisha nikajifanya natafuta ufunguo mfukoni. Nilikuona ukigeuza uso, na sikukulaumu. Mtu aliyefundisha baiolojia mpaka akastaafu, ambaye mama yako husema ukimwomba chumvi atakueleza kwanza habari za bahari, binti yake anamuuliza swali moja na yeye anatafuta ufunguo. Sikukosa la kusema. Nilitaka tu kujua kama jibu lililonijia ni la kweli au ni la baba anayetaka mtoto wake asilie njiani.

Nimelipima. Jibu ni hapana. Si wewe.

Na sababu nitakupa, maana unanijua. Siku ile hospitalini, yule daktari aliyekupiga picha ya tumbo alisema kwamba mtoto alikuwa ameacha kukua wiki kadhaa kabla. Alisema upesi, kama mtu anayesoma bei ya kitu. Mama yako alikuwa analia, Kiprop alikuwa nje akipiga simu, wewe ulikuwa unatazama ukuta. Nadhani ni mimi peke yangu niliyelisikia neno hilo, na mimi nami nikaliacha hapo hapo. Sasa Jumapili umeniambia kwamba ulianza kunywa ile chai ulipokwenda kuwasalimu wakwe zako, na kwamba damu ilionekana siku chache baada ya hapo. Yapange mambo hayo moja baada ya jingine. Mtoto aliacha kukua. Kisha ukanywa chai. Kisha damu. Kilichokuja nyuma hakiwezi kuwa sababu ya kilichotangulia. Chai hiyo ilikukuta ukiwa tayari umefiwa, ila hakuna aliyejua.

Mimba inapoharibika mapema namna ile, mara nyingi sababu huwa imo tangu siku ya kwanza, mbegu na yai vinapokutana. Maagizo ya kumjenga mtoto yananakiliwa vibaya, mwili unajaribu, unafika mahali unashindwa kuendelea. Si kwamba mama alibeba kitu kizito mno au aliruka mtaro. Ukweli huo ni mkavu, lakini ni bora kuliko huo mzigo ulioubeba mwaka mzima ukitabasamu mezani.

Basi hilo la mwaka jana ulitue. Nataka tulitazame swali la pili, ambalo hukuuliza, lakini linakusubiri kesho katika kikombe. Sasa una mimba nyingine, na mama mkwe wako ana birika lile lile.

Nianze mbali kidogo. Unaijua hadithi ya chai ya sanduku. Mama yako aliisimulia hata siku wakwe zako walipokuja kuleta mahari, na kila akiisimulia mimi huzidi kuwa mjinga. Alipokuwa na mimba yako, nyanya yako, huyo ambaye umepewa jina lake, alikuja kutoka Nyeri na mizizi aliyoifunga katika kitambaa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nina cheti ukutani. Nikamwambia mama yangu mzazi, kwa adabu zote, aache mizizi yake nje ya mlango, kwamba nyumba hii ina mtu aliyesoma. Aliiweka kando ya ngazi, akaingia, akaomba uji.

Wiki iliyofuata nikarudi kutoka mjini na sanduku la chai ya mitishamba. Lilikuwa zuri sana. Kulikuwa na maua, na mwanamke anayecheka mwenye meno meupe. Liliandikwa kwamba ni la asili na linasafisha mwili. Nikamwambia mama yako, hii ndiyo chai ya mjamzito anayejiheshimu. Akanywa. Usiku na mchana tumbo likamwendesha, likamkata, tukadhani unakuja kabla ya wakati wako. Kwenye kliniki muuguzi alilitazama lile sanduku, akaligeuza, akanionyesha maandishi madogo ya nyuma. Yalisema wazi kwamba wajawazito wasitumie. Ndani mlikuwa na majani ya kuharisha, yale yanayouzwa kwa watu wanaotaka kupungua tumbo.

Mama yako husema nyanya yako alicheka. Si kweli. Alichofanya ni kuuliza, taratibu, akiwa anamenya viazi: "Na hilo sanduku lilikuwa na picha ya nini?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata habari muhimu, akaendelea na viazi vyake.

Watu huichukua hadithi hiyo kana kwamba inasema wazee walikuwa sahihi na vitabu vilikosea. Mimi sioni hivyo, na ndipo ninapotofautiana na mama yako. Ile mizizi ya nyanya yako sijui mpaka leo ilikuwa ya mti gani. Pengine ingemsaidia, pengine ingemdhuru zaidi ya sanduku. Kosa langu lilikuwa kwamba nilitazama aliyetengeneza tu. Mzee wa kijijini, hapana. Kiwanda chenye picha ya meno, ndiyo. Sikuuliza ndani mna nini, wala ni kiasi gani, wala ni kwa mtu wa hali gani. Nimeliona kosa hilo hilo mwaka huu katika nyumba zote mbili. Mama yako anasema chai ya wale haifai. Na huko nako, nadhani, wanasema sisi wa huku tunaona kila kitu chao ni sumu. Ulipotokwa na mimba, maneno yalisemwa katika kikao cha chama cha akiba cha mama yako, katika sebule hii hii. Mimi nilikuwa nimekaa hapa barazani nikiyasikia, nikageuza ukurasa wa gazeti. Katika mji wetu unajua maneno ya namna hiyo yanapoanzia kwenye chai yanaweza kuishia wapi; tumewahi kuona majirani wakichomeana nyumba kwa ajili ya kabila.

Kwa hiyo juzi, niliposema naenda kutazama miche ya miti, nilikwenda Kaptagat kwa mama mkwe wako.

Mama yako alinishtukia. Aliniambia, "Mwanamume mzima unaenda kwa wakwe kuuliza mambo ya mimba? Watasema hukukua na dada wa kukufundisha aibu." Nikamwambia nitauliza habari za miti, na miti haina jinsia. Akasema ipo mingine inayo, na mimi mwenyewe ndiye niliyefundisha hivyo. Akanifungia mkate wa kupeleka.

Mama Kiprop alinipokea vizuri. Alinipa chai ya maziwa, maziwa mengi, akakaa mkabala nami na mikono juu ya magoti, akasubiri. Nilizungumza kuhusu mvua. Nilizungumza kuhusu mahindi. Nikamsifu ng'ombe wake. Alipoona sifiki, akanisaidia.

"Mwalimu," akasema, "umekuja kuniuliza kama niliua mjukuu wangu?"

Wambui, nilikuwa na kikombe mdomoni. Ningeweza kusema hakuna aliyelisema neno kama hilo, na adabu ingeniruhusu. Nikamwambia lilisemwa, na mimi nilikuwa karibu nikanyamaza, na sikuja kuuliza hilo kwa sababu jibu lake ninalo. Nikamweleza kuhusu ile picha ya tumbo, kwamba mtoto alikuwa ameacha kukua kabla hujafika kwake. Nilieleza kwa urefu, kama kawaida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

Kisha akasema, "Kwa hivyo hata si kwa sababu alikunywa kidogo?"

Sikuelewa mara moja. Ikabidi anifafanulie. Mwaka huu wote yule mama amekuwa akijilaumu kwamba hakukusisitiza. Aliona unakunywa nusu kikombe kwa heshima, akaona aibu kukulazimisha, na mimba ilipoharibika akasema moyoni kwamba angekuwa mkali kidogo ungemaliza, na mtoto angekaa. Wewe unajilaumu kwa ulichokunywa, yeye anajilaumu kwa ulichoacha kikombeni. Na mama yako anamlaumu yeye. Watu watatu na nusu kikombe cha chai.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi. Nikamwambia nataka kujua kilichomo. Akacheka, akasema, "Mwalimu amekuja shule." Lakini akaniambia hawezi kunitajia. Bibi yake aliyemfundisha alimwambia kwamba mti wa dawa ukiutaja jina kwa mtu atakayeutumia, au kwa watu wake, unapoteza nguvu. Usidhani ni ujanja wa kuficha. Kwake ni kama vile sisi hatumwiti mtoto kwa jina kabla hajazaliwa. Nikafikiri kidogo, nikamuuliza kama kuna ubaya akinionyesha bila kutaja. Akatafakari, akasema kuonyesha hakukukatazwa, hakuna aliyewahi kumwomba.

Tukazunguka shambani kwake, yeye mbele na kisu, mimi nyuma na kikapu, kama mwanafunzi. Cha kwanza kilikuwa majani ya kando ya kijito, ya jamii ya mnanaa. Nilisugua vidoleni, harufu ikaniambia. Anayamwagia maji moto tu. Cha pili kilikuwa mzizi wa kichaka kilicho nyuma ya zizi. Huu, alisema, hautii mpaka mwezi wa mwisho kabisa, kwa sababu unaleta uchungu wa kuzaa, na mwaka jana haukuwa ndani ya kikombe chako. Nilifurahi kwamba anajua, na nikaogopa pia, na hofu hiyo nitairudia.

Cha tatu kilikuwa kipande cha gome, chekundu kwa ndani, ndani ya mfuko wa plastiki jikoni. Hiki ndicho anachokichemsha muda mrefu mpaka maji yanakuwa meusi. Nikamwambia twende kwenye mti wake. Akaniambia haupo. Zamani bibi yake alilitoa msituni, lakini siku hizi hakuna ruhusa ya kuchuna magome, na yeye hununua sokoni mjini, kwa mtu anayelileta katika gunia. Nikamuuliza ana hakika gani kwamba ni mti ule ule wa bibi yake. Akakivunja kile kipande, akakinusa, akakitazama upande huu na upande ule.

"Hata kama nilitaka kukutajia," akasema, "hii sina jina yake."

Hakusema kwa aibu. Alilisema kama mtu aliyegundua kitu, na mimi nilijisikia vivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa nimekwenda nikidhani kuna siri, kumbe hakuna. Hakuna anayejua, basi. Tulisimama pale jikoni wazee wawili tukiliangalia lile gome kwa hamu, kila mmoja na elimu yake, na zote mbili zimeishia mlangoni pa mtu mwenye gunia.

Sasa nikueleze ninavyofikiri, na wewe upime.

Mti hauna miguu. Mdudu akija kuula hauwezi kukimbia, kwa hiyo hutengeneza uchungu, ukakasi, harufu kali, ili aliyeuma asirudie. Hata majani ya chai yetu ya kila siku yana kitu kinachofukuza wadudu, ndicho kile kinachotuamsha asubuhi. Tunaposema kitu ni cha asili, hatujasema kama kinatupenda. Mti haukututengenezea sisi. Baadhi ya vitu hivyo mwili wetu unavimudu, vingine vinatusaidia, vingine vinakaza tumbo la uzazi au kuchosha ini, na vingine hakuna aliyevichunguza kwa wajawazito, maana ni nani atakayemjaribia mjamzito? Ndiyo sababu ukiuliza kama mitishamba ni salama, jibu la kweli huwa refu kuliko ndiyo na kuliko hapana. Tangawizi kidogo kwa kichefuchefu, wauguzi wengi hawana neno nayo. Mwarobaini na shubiri watakuambia kaa mbali. Na tofauti kubwa, naona mimi, ni kwamba majani yaliyomwagiwa maji moto hutoa kidogo, lakini gome na mzizi vikichemka nusu siku hutoa vyote vilivyomo. Mama Kiprop vyote viwili anaviita chai. Mimi hicho cha pili ningekiita dawa, na dawa nataka kuijua jina, kiasi, na siku yake.

Hata chai yetu ya majani, ile mama yako atakayokufungia kwenye chupa kesho, usinywe pamoja na vidonge vyako vya kuongeza damu wala pamoja na chakula, maana inazuia damu kupata chuma chake. Subiri kidogo katikati. Hili hakuna anayekwambia kwa sababu hakuna anayeiogopa chai ya nyumbani.

Ile hofu niliyosema ni hii. Wanawake wengi wanakunywa na hawasemi kliniki, kwa sababu sista, yule muuguzi, atapiga kelele. Siku ya kujifungua, mtu amekunywa mzizi wa kuleta uchungu, na wodini hawajui, wanamwekea dripu ya kuongeza uchungu. Viwili vinakutana ndani ya tumbo moja. Wa kwanza hakukusudia kosa, wala wa pili, na mama na mtoto wako hatarini. Kinachotisha zaidi hapo ni ukimya. Wewe mwenyewe mwaka jana ulikunywa ukatuficha sisi mpaka siku ya damu, ukaacha nusu ukamficha yeye, na ukimya huo ndio uliokula mwaka wako. Sista akipiga kelele, mwache apige, kisha umwonyeshe jani. Nilimuuliza mama mkwe wako kama angekubali kwenda nawe kliniki na kikapu chake. Alisema hawezi kufokewa na msichana mdogo. Kisha akasema ataona. Kwa Mama Kiprop, nadhani hiyo ni karibu na ndiyo, lakini nimewahi kukosea.

Sikuambii usinywe chochote kutoka mkononi mwake. Kesho utakuwa binti wa nyumba ile, na kikombe anachokupa mtu nyumbani kwake hakirudishwi kama barua iliyokosewa anwani. Sikuambii pia unywe ili usimuudhi. Nakuambia uulize, kama mtu mwenye hamu ya kujua, si kama mpelelezi. Omba akupeleke kijitoni. Beba kikapu. Usichokielewa, mwambie hukielewi, na ungoje. Na kama kuna siku kitu kitakukata tumbo au utaona damu, usimtafute wa kumlaumu kwanza. Nenda hospitali, umwambie kila ulichokunywa.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini simu imelia nikiwa katika sentensi hiyo. Ni Mama Kiprop. Leo alikwenda mjini. Alimpata yule mtu wa gunia, akamuuliza gome ni la mti gani na limetoka wapi. Akaambiwa linatoka kwa mwenzake, na mwenzake hupata kwa mwingine, na kwamba wateja wote hawajalalamika. Amenisimulia akiiga sauti yake, tukacheka. Alipofika nyumbani alilitia motoni lote, hata lile alilokuwa ameweka akiba. Akasema lilinuka vibaya.

Kisha akaniuliza: "Huyo msichana wetu akifika, nimwekee nini kwa jiko? Asije akakunywa nusu tena."

Nimezoea kujibu maswali, mama. Nilikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa mazuri. Nimemwambia utampigia mwenyewe kabla ya chakula cha jioni. Simu nimeiacha juu ya meza, chini ya gazeti. Mkimaliza na blanketi, njoo uichukue.

Baba yako.